Kabla Hujafungua Hedi: Ushauri kwa Wenye Canter na Mafundi Wao

Gasketi ya silinda hedi haiungui bila kuunguzwa. Canter ikiunguza gasketi, ukanunua mpya, ukaifunga na kulirudisha gari barabarani bila kutafuta kilichoiunguza ile ya kwanza, umelipia kazi utakayoilipia tena, pengine kabla ya msimu wa mavuno kwisha. Chanzo bado kimo ndani ya gari: rejeta iliyoziba kwa chokaa, mfuniko wa rejeta usioshika, nozeli inayokojoa badala ya kupuliza, au bolti zilizokazwa kwa nguvu ya mkono na kukisia. Naandika haya kwa wenye magari ambao kila gari likichemsha huambiwa "hiyo ni hedi", na kwa mafundi vijana wanaoweza kunyanyua hedi kwa nusu siku lakini hawajafundishwa kuthibitisha kama ilistahili kunyanyuliwa.

Nazungumzia hasa Mitsubishi Canter zenye injini za familia ya 4D3, yaani 4D32 ya lita 3.6 na 4D33 ya lita 4.2. Ndizo zinazobeba saruji, mbao, nyanya na vitunguu karibu kila mkoa wa Tanzania, na fundi wa kawaida anazijua. Isuzu za 4HF1 na 4HG1, ambazo Kenya zimejaa, zinafuata njia hiyohiyo kwa mambo mengi. Malori makubwa nitayagusa pale tu yanapotofautiana.

Gasketi imekaa kati ya hedi na bloku, nayo inatenganisha vitu vitatu visivyotakiwa kukutana: moto wa ndani ya silinda, maji na oili. Dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Mafuta huwaka kwa sababu hewa imebanwa mara 17 hadi 20 hivi, ikapata joto la kuyawasha. Hata kabla ya mafuta kuwaka, silinda nzima huwa na mgandamizo wa bar 25 hadi 35, na yakishawaka hupita bar 100. Upande wa pili wa gasketi kuna maji ambayo mgandamizo wake hauzidi sana bar moja. Basi gasketi ikipata hata mwanya mwembamba kama unywele, moshi wa silinda ndio unaokimbilia kwenye maji. Kwa hiyo kwenye dizeli dalili ya kwanza mara nyingi si maji kwenye oili. Ni hewa kwenye maji. Fundi anayechomoa kijiti cha oili, akaona oili safi na kusema gasketi ni nzima, amepima mahali pasipo na jibu.

Dereva makini huiona dalili hiyo mapema. Gari linatembea vizuri likiwa tupu, likipata mzigo na mlima maji yanapungua bila tone kuonekana chini. Chupa ya akiba inajaa na kumwaga, huku rejeta yenyewe ikiwa haijajaa. Mshale wa joto unapanda ghafla, unashuka, kisha unapanda tena, kwa sababu kipima joto kinaguswa mara na maji, mara na hewa. Likilala usiku, asubuhi injini inawaka kwa kutetemeka na moshi mweupe, halafu baada ya dakika chache inatulia: maji yalikuwa yamevujia kwenye silinda moja. Usiichukulie dalili moja kuwa hukumu. Moshi mweupe wa asubuhi unaweza kuwa nozeli mbovu tu, na ute wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili unaweza kuwa ukungu wa baridi kwa gari linalokwenda safari fupifupi Njombe au Makete.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji mashine. Kifanye asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji mpaka ukingoni, kisha shika mpira wa juu wa rejeta uone ulivyo laini. Funga mfuniko, washa injini, na ndani ya dakika moja au mbili shika tena mpira ule. Maji bado ni baridi, hayajapata sababu ya kutanuka. Kama mpira umekuwa mgumu kama tairi lililojazwa upepo, kuna kitu kinachosukuma hewa ndani. Zima, fungua mfuniko kwa uangalifu, ondoa mkanda wa feni ili pampu ya maji isizunguke, toa themostati, ujaze maji mpaka yaonekane kwenye kitako chake. Washa tena na ukanyage mafuta kidogo. Maji yakitulia, hedi yako huenda haina kosa. Yakitoa mapovu mfululizo, au yakiruka kila unapokanyaga, umeona kwa macho yako. Usiiache injini iungurume hivyo zaidi ya dakika moja, kwa kuwa maji hayazunguki.

Ukishaona mapovu, tafuta ni silinda ipi. Kwa injini zenye pampu ya nozeli ya zamani, kama hizi za Canter, legeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa inaunguruma. Silinda ambayo ukiikata mapovu yanapungua sana ndiyo ya kushukiwa. Vaa miwani na glavu, na uso ukae mbali. Na kipimo hiki kisifanywe kamwe kwenye injini za kisasa za komoni reli. Mafuta yake yako kwenye mgandamizo unaopita bar 1,000, na mchirizi wake hutoboa ngozi na kuingia kwenye nyama. Huko tumia kompyuta ya kupimia au kompresa ya upepo.

Kipimo cha kompresa ni kizuri kwa injini yoyote. Toa nozeli, peleka pistoni juu kabisa valvu zote zikiwa zimefungwa, weka gia na breki au funga flaiwili ili upepo usiizungushe injini, kisha ingiza upepo wa bar 5 hadi 7. Sikiliza na kutazama. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi au ufa wa hedi. Upepo ukitokea silinda ya jirani, gasketi imeungua katikati ya silinda mbili. Ukitokea kwenye mfuniko wa oili, ni ringi. Ukitokea kwenye ekzosi au kwenye njia ya hewa, ni valvu. Kwa kazi ya dakika chache kwa kila silinda, fundi anapata majibu ambayo wengine huyatafuta kwa kushusha injini nzima.

Ipo pia dawa ya buluu inayovutishiwa hewa kutoka mdomoni mwa rejeta, ikageuka kijani au njano ikikutana na moshi wa injini. Inafaa, lakini kwenye dizeli inadanganya ikitumiwa gari likiwa limesimama tu. Dizeli isiyobebeshwa kazi hutoa moshi wenye kaboni dayoksaidi kidogo, na dawa inaweza kubaki buluu huku gasketi imeungua. Pima gari likitoka kupanda mlima na mzigo, baada ya kulipoza kiasi cha kuweza kufungua mfuniko bila kuungua.

Sasa niseme yale yanayosababisha hedi nyingi zifunguliwe bure. Ukikuta oili imeelea kwenye rejeta, usikimbilie gasketi. Kwenye Canter kipoza oili kimekaa ubavuni mwa bloku, ndani ya njia ya maji. Injini ikiwaka mgandamizo wa oili ni mkubwa kuliko wa maji, kwa hiyo kipoza kikitoboka oili huingia kwenye maji. Ukizima, maji nayo hupata nafasi ya kurudi. Kipoza hicho hufunguliwa pembeni, kikapimwa kwa upepo ndani ya ndoo, bila kuigusa hedi. Nimeona watu wakinunua gasketi, wakalipia kuskimu, halafu oili ikaelea tena siku ileile gari linapowashwa, kwa sababu ya kitu kilichokuwa kinafungwa kwa bolti chache pembeni.

Kwa Fuso kubwa, Scania na malori mengine ya breki za upepo, mshukiwa wa kwanza wa mapovu ni kompresa ya breki. Hedi yake inapozwa na maji ya injini, nayo ina gasketi yake ndogo. Ikiungua, inasukuma upepo kwenye maji na kutoa kila dalili ya gasketi kubwa. Fungua mabomba ya maji ya kompresa, uyaunganishe pamoja kwa muda ili kompresa ibaki nje ya mzunguko, upime tena kwa muda mfupi. Mapovu yakikoma, umepona. Kwenye malori hayohayo yenye laina zinazogusana na maji, maji yakikutwa kwenye sampu huenda mpira wa laina umekufa au laina imetoboka kwa kuliwa vitundu kutoka nje. Huko gasketi haihusiki hata kidogo.

Halafu kuna mfuniko wa rejeta, kitu kidogo kinachodharauliwa mno. Maji yaliyofungiwa kwa mgandamizo wa bar moja juu ya ule wa kawaida huchemka kwenye nyuzi 120 hivi. Mfuniko ukilegea, faida hiyo yote inakwenda. Na juu milimani hali ni mbaya zaidi, kwani kila mita 300 unazopanda huondoa karibu nyuzi moja. Timboroa, nchini Kenya, iko zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Pale maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 91, joto ambalo injini nzima ya dizeli hulifikia ikiwa kazini. Gari linalokwenda salama Mombasa na kuchemsha Timboroa huenda linadai mfuniko mpya tu.

Themostati nayo imeonewa sana. Mafundi wengi wanaitoa na kuitupa, wakiamini maji yatazunguka kwa uhuru. Kwenye injini ambazo themostati pia hufunga njia fupi ya maji, ukiitoa sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi kwenye mlima. Kwenye tambarare injini hubaki baridi, ikala mafuta na kuchakaza silinda. Irudishe. Ipime kwenye sufuria ya maji ya moto uone inafunguka kwenye nyuzi zilizochapwa juu yake.

Dereva ana nafasi kubwa kuliko fundi ya kuiokoa hedi. Mlima Kitonga, kwa anayetoka Morogoro kwenda Iringa, unapandwa kwa gia nzito na mwendo wa pole, upepo wa mbele ni hafifu na feni peke yake ndiyo inayopoza. Sekenke vivyo hivyo kwa anayetoka Igunga kwenda Singida. Mshale ukianza kupanda, shusha gia mapema ili injini izunguke kwa wepesi bila kulemewa. Ukifika karibu na alama nyekundu na maji bado yamo, tafuta pa kusimama na uiache iungurume bila mzigo, feni ikiendelea kupoza. Lakini kama mpira umepasuka au maji yameisha, zima mara moja, kwa kuwa hakuna cha kupozea. Usifungue mfuniko. Usimruhusu utingo amwage ndoo ya maji ya mtoni juu ya injini iliyowiva, wala kuyatia ndani. Hedi ya chuma iliyopata moto kiasi hicho ikiguswa na maji baridi hupata ufa, na ufa kati ya viti vya valvu hauzibiki kwa gasketi. Nusu saa ya kusubiri ni nafuu kuliko hedi.

Na yai, bizari na unga vinavyotiwa kwenye rejeta ili kuziba visiingie kwenye injini yako. Mwanya unaovuja kwa nguvu ya bar 100 hauzibwi na yai. Kinachozibwa ni vijibomba vya rejeta.

Vipimo vikisema hedi ifunguliwe, basi ifunguliwe kwa heshima. Injini ipoe kabisa kwanza. Hedi ikilegezwa ikiwa na moto hupinda. Bolti zilegezwe kidogokidogo kuanzia nje kuelekea katikati, kinyume cha zinavyokazwa. Gasketi ya zamani usiitupe. Iweke mezani uisome: palipoungua pana weusi uliovuka ule mkufu wa chuma unaozunguka silinda, na mahali pale ndipo rula itakapoanzia kupima. Kama imeungua kati ya silinda mbili, mara nyingi hedi au bloku imebonyea hapo. Kama imeungua silinda moja pekee, nozeli ya silinda hiyo ipelekwe ikapimwe. Nozeli inayokojoa humwaga mafuta yasiyochanganyika na hewa na kuunguza mahali pamoja. Pampu iliyowekwa ichome mapema kupita kiasi, au iliyoongezwa mafuta ili gari "livute", hupandisha mgandamizo wa silinda mpaka gasketi ishindwe. Kama silinda zote zimeungua kwa pamoja, rudi kwenye maji: rejeta, pampu ya maji, feni na mkanda wake.

Kusafisha ndipo kazi nyingi huharibikia. Usitumie grainda wala pedi za msasa zinazozungushwa na drili. Vumbi lake gumu huingia kwenye njia za oili na kuziua beringi baada ya muda mfupi, na tena huchimba mashimo yasiyoonekana kwenye uso wa chuma. Tumia wembe mpana au kikwaruzo, thina na subira. Gasketi za miaka ya zamani zilikuwa na asbestosi, kwa hiyo zilowanishe kabla ya kuzikwarua, usivute vumbi lake. Mashimo ya bolti kwenye bloku yapulizwe yakauke. Maji au oili ikibaki chini ya shimo, bolti ikikazwa inaibana, na kimiminika hakibaniki, bloku hupasuka.

Kisha weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na upitishe fila geji chini yake. Kwa injini nyingi za ukubwa huu, hedi nzuri haizidi mm 0.05, na ikifika mm 0.2 imevuka mpaka. Pima na bloku vivyo hivyo. Wengi huiskimu hedi na kuisahau bloku, gasketi mpya ikalala juu ya bonde lilelile. Kabla ya kuskimu, hedi ipimwe ufa kwa maji ya moto na upepo, kwa kuwa kulipia kusaga hedi yenye ufa ni hasara. Baada ya kuskimu, pima urefu wa hedi uliobaki na kina cha valvu ndani yake. Kwenye dizeli pistoni hupanda mpaka karibu kabisa na hedi, hakuna nafasi ya kuchezea. Injini kadhaa, Isuzu 4JB1 ikiwamo, zina gasketi za unene tofauti kulingana na jinsi pistoni inavyochomoza juu ya bloku, na alama zake ni vikato vidogo ukingoni. Nenda dukani na gasketi ya zamani mkononi, na kama bloku nayo imeskimiwa, pima upya pistoni kabla ya kuchagua.

Gasketi mpya inawekwa kavu na safi, isipokuwa mtengenezaji ameandika vinginevyo. Rangi ya silva, grisi na silikoni hazina kazi hapo. Bolti zisafishwe nyuzi, zipakwe oili nyepesi, na zilizorefuka au kuanza kupata kiuno zitupwe. Injini nyingi ambazo bolti zake hukazwa kwa nyuzi za pembe zinataka bolti mpya. Halafu toki renchi. Hapa sina lugha ya upole: fundi asiye nayo aazime, la sivyo asifunge hedi. Kukaza kwa bomba refu na kusikiliza mlio wa chuma hakupimi chochote. Anza katikati ukizunguka kuelekea nje, kwa hatua tatu au zaidi, kwa vipimo vya kitabu cha injini hiyo hasa, wala si vya Canter ya jirani, kwa kuwa hata ndani ya familia moja vipimo hutofautiana. Tapeti ziwekwe upya injini ikiwa baridi. Kwa injini nyingi za 4D3 ni mm 0.40 kwa valvu zote.

Kama maji yaliingia kwenye oili na gari likatembea hivyo, fungua sampu utazame beringi za konrodi kabla ya kuwasha. Badilisha oili na chujio sasa, na tena baada ya kilomita 500 hivi. Rejeta ioshwe au ifunguliwe vijibomba, mfuniko uwe mpya, na kinachojazwa kiwe kulanti iliyochanganywa na maji safi. Maji ya kisima yenye chumvi, hasa ya pwani, hujenga chokaa inayozuia joto lisitoke kwenye chuma. Toa upepo wote kwa kujaza taratibu, hita ikiwa imefunguliwa, mpaka themostati ifunguke na maji yatulie.

Safari ya kwanza isiwe ya Kitonga na shehena kamili ya saruji. Mpe dereva mzigo mwepesi wa barabara ya tambarare, akague maji asubuhi mbili tatu mfululizo injini ikiwa baridi, na uurudie mwenyewe ule upimaji wa kushika mpira. Zaidi ya yote, mwambie kwa kinywa chako kwamba mshale ukipanda ana ruhusa ya kusimama, hata mzigo uchelewe. Madereva wengi wameunguza hedi huku wakiuona mshale, kwa kuhofia simu ya bosi. Ruhusa hiyo iko mikononi mwako mwenye gari, nayo haina gharama.